Mnatuzoesha kuegemea, halafu mnachomoa fimbo!

Wakuu, leo nimeudhika na sitauma maneno.

Mimi ni mwalimu wa Historia, sioni kabisa. Kwa miaka miwili programu moja ya akili unde kwenye simu imekuwa ikinisomea madaftari ya wanafunzi, hata yale ya mwandiko wa kuparaza. Kabla ya hapo alikuwa ananisomea mpwa wangu, mtoto wa darasa la sita, na alama za kidato kizima alizijua yeye. Hata barua ya benki aliisoma yeye. Kwa hiyo anayeniambia hii ni anasa, aniache.

Wiki iliyopita naifungua, naambiwa huduma ya bure imekwisha, lipia kila mwezi. Kwa dola! Kwa kadi ya benki tu, pesa za simu hawapokei. Juu yake weka bando, maana bila intaneti haisomi hata neno. Jumla yake ikipita nauli yangu ya mwezi, nitaenda kazini kwa miguu? Nimewaandikia mara tatu. Nimejibiwa na mashine mara tatu.

Ofisini nako nimeambiwa fungu la vifaa saidizi ni la fimbo na viti vya magurudumu, programu haimo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo Tanzania tangu 2010, jamani.

Na anayelipa naye asijione salama. Argus II, jicho la bandia la kampuni ya Second Sight ya Marekani, liliuzwa kwa takriban dola 150,000. Watu kama 350 duniani waliwekewa. Kampuni ilipoyumba 2020, wakabaki na mtambo ndani ya jicho, fundi hakuna, vipuri hakuna. Mtu amepasuliwa jicho! Soundscape ya Microsoft, iliyokuwa ikiwaongoza wasioona njiani kwa sauti, ilifungwa 2023. Hao angalau waliacha msimbo wazi, yaani maagizo yanayoiunda programu, wengine wakaifufua.

Ndiyo maana kwenye kompyuta sibanduki NVDA, programu inayomsomea asiyeona maandishi ya kwenye skrini kwa sauti. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na walioianzisha kule Australia mwaka 2006 wenyewe hawaoni. Inafanya kazi hata umeme wa mnara wa simu ukikatika.

Ripoti ya WHO na UNICEF ya 2022 inasema kuna nchi maskini ambako wanaopata vifaa saidizi wanavyohitaji ni asilimia 3 tu. Sasa hao wachache nao wanyang'anywe?

Ninachodai: ninyi wenye programu, mkitaka kufunga au kutoza, tuambieni mwaka mzima kabla. Pokeeni pesa za simu. Mkishindwa biashara, acheni msimbo wazi. Na serikali iweke programu kwenye lile fungu.

Kuna anayejua programu inayosoma mwandiko wa Kiswahili bila intaneti? Nina madaftari 86 mezani, na mpwa wangu sasa yuko bweni.