Mtoto ameng'atwa na mbwa: tufanyeje?

Mkulima, Newala: Wakuu, shikamooni. Mwanangu ameng'atwa mguuni na mbwa asiye na mwenyewe huku mikoroshoni, na jirani anashauri tupake mafuta ya taa. Je, yanatosha?

Mganga wa mifugo, Nachingwea: Marahaba. Hayafai kabisa. Osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali leo hii akaanze chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa dalili za ugonjwa huo, kama kuogopa maji, zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa.

Muuguzi, Lindi: Kama meno yametoboa ngozi, ulizieni pia sindano ya kingamwili (kinga iliyo tayari, ya kumlinda wakati chanjo haijaanza kufanya kazi), wala msikatishe dozi za chanjo.

Mganga wa mifugo, Nachingwea: Mbwa akipatikana, afungiwe na kuangaliwa siku 10, ingawa chanjo ya mtoto haisubiri hilo.