Tupeane uzoefu: jalada la kazi na tafakuri ya mwanafunzi katika somo la lugha

MwalimuPwani
Walimu wenzangu, habari za kazi. Tupeane uzoefu wa jalada la kazi za mwanafunzi, yaani faili la kazi zake za muhula linaloonyesha anavyoendelea, au potifolio kama wasemavyo wenzetu wa Kenya. Tuseme yanayotendeka: mnaweka nini ndani, mnalisomaje darasa likiwa na wanafunzi 60, na mwanafunzi anaandika nini anapojitafakari.

Naanza. Jalada lisilo na rasimu halina faida. Insha safi iliyonakiliwa upya inaonyesha mwandiko tu. Bana pamoja rasimu ya kwanza, rasimu ya pili na kikaratasi cha tafakuri. Kwa muhula kazi tano zinatosha: insha mbili, muhtasari mmoja wa ufahamu, mazungumzo yaliyorekodiwa, na moja anayoichagua mwenyewe. Zikizidi hapo faili linageuka ghala, hakuna anayelifungua tena.

ChakiNyeupe
Naongezea kwenye kikaratasi, maana hapo ndipo wengi tunakwama. Robo ya A4 inatosha, na maswali yawe matatu tu: Umebadilisha sentensi ipi (nakili ilivyokuwa na ilivyo sasa)? Kwa nini? Kwenye insha ijayo utakagua nini kwanza?

Ukiuliza "Umejifunza nini leo?" darasa zima litakujibu "Nimejifunza ngeli, somo lilikuwa zuri." Swali la namna hiyo halimrudishi mwanafunzi kwenye kazi yake, kwa hiyo anatafuta jibu la kumfurahisha mwalimu. Linganisha na hili: "Niliandika *vitabu yangu yamepotea*, nimebadilisha kuwa *vitabu vyangu vimepotea* kwa sababu vitabu viko KI-VI. Nitakagua vimilikishi kwanza." Hapo unajua anachokijua, na unajua cha kumfuatilia.

Halafu msitoe alama siku hiyo hiyo. Rudisha insha ikiwa imepigiwa mstari chini ya makosa, bila kuandika sahihi yake. Wape dakika 10 za kurekebisha na 5 za kujaza kikaratasi, alama zije kipindi kinachofuata. Mwanafunzi akishaona 14/20, macho yanahamia kwenye karatasi ya jirani na sentensi zake hazisomi tena.

Hesabu ya karatasi: kazi tano kwa wanafunzi 60 ni vikaratasi 300, yaani A4 75. Kama hata hizo hazipo, andika maswali ubaoni, wajibu kwenye kurasa za mwisho za daftari.

Mtaala254
Asante, mwalimu. Kwetu Kenya, katika Mtaala wa Umilisi (unaopima anachoweza kufanya mtoto), shida kubwa ni kazi iliyofanywa na mzazi, au iliyochapishwa saiba kwa rangi za kupendeza. Faili linanona, mtoto mwenyewe bado anaandika "adithi" badala ya "hadithi". Dawa yake ni rasimu ya kwanza kuandikwa darasani, kwa kalamu, na tarehe juu. Ya nyumbani iingie kama nyongeza, isiwe ushahidi wa kumweka mtoto kwenye kiwango cha "anafikia matarajio".

Kusikiliza na kuzungumza tusikuache nje kwa sababu eti hakuingii kwenye faili. Simu moja ya mwalimu inatosha: dakika moja kwa kila mtoto, watoto wanane kwa kipindi, wengine wakiwa kwenye kazi ya vikundi. Mada iwe ile ile mwanzoni na mwishoni mwa muhula, la sivyo utashindwa kulinganisha. Jina la rekodi lianze na mwaka, mwezi na siku ili zijipange zenyewe, na unakili kwenye kadi ya kumbukumbu kila wiki. Simu ikiharibika, ushahidi wa darasa zima umekwenda.

MwlUghaibuni
Kwa wanaofundisha Kiswahili kwa wageni: Baraza la Ulaya lilizindua jalada lake la lugha mwaka 2001, lenye sehemu tatu: pasipoti ya lugha, wasifu wa mwanafunzi, na mkusanyiko wa kazi. Mwanafunzi hujipima kwa kauli za "Ninaweza", kuanzia kiwango cha A1 (anayeanza) hadi C2 (aliyebobea). Kauli hizo msizitafsiri tu, Kiswahili kina ugumu wake. "Ninaweza kununua sokoni" ni pana mno. Andikeni "Ninaweza kuulizia bei ya vitu vitano vya KI-VI na LI-YA bila kuangalia daftari", au "Ninaweza kupanga miadi kwa saa za Kiswahili", kwa kuwa anayesema saa mbili akimaanisha saa nane atamkosa mwenyeji wake. Kila kauli iliyowekwa alama ya vyema iambatane na rekodi au karatasi. Anayeanza aruhusiwe kutafakari kwa lugha anayoimudu, la sivyo utapata "Nzuri sana" kila wiki.

MgeniKazini
Samahani wakubwa zangu, mafaili 60 mnayasoma saa ngapi? Na tafakuri mnaitolea alama?

BiSarufi
Mwanangu, usiyabebe yote Ijumaa. Soma 12 kwa siku, dakika tatu kila moja, jumla dakika 36. Usisahihishe upya. Tazama jambo moja: alichoahidi kukagua kwenye kikaratasi kilichopita, je, amekikagua kwenye rasimu hii? Kama hakukikagua, zungushia ahadi yake na umrudishie faili. Tafakuri isiyorudiwa na mtu, wanafunzi wataiacha kabla muhula haujaisha.

Alama, kwa 20, mimi naziweka hivi: marekebisho kati ya rasimu 10, aina mbalimbali za kazi 5, tafakuri 5. Hizo za mwisho ni za kutaja sentensi na kanuni, basi. Anayeandika "bado sielewi *amba-*" na kuonyesha mahali penyewe apate zote tano. Ukimkata kwa kukiri ugumu, atakuficha mpaka mtihani. Na kabla ya kujaza alama, badilishaneni mafaili sita na mwalimu wa mkondo mwingine. Mkitofautiana zaidi ya alama tatu, kaeni mkubaliane vigezo kwanza.

ChakiNyeupe
Nakubaliana na Bi, ila Kidato cha Kwanza muhula wa kwanza ningeacha alama za tafakuri kabisa. Bado wanajifunza namna ya kuiandika.