Mionzi ya dozi ndogo kwa goti lililosagika: inasaidia kweli?

Bonde_la_Rhein: Wakuu, mama ana miaka 67, magoti yamesagika. Daktari hapa Ujerumani anataka apigwe mionzi mara 6, Gy 0.5 (Gy ni gray, kipimo cha dozi ya mionzi) kila mara, mara mbili kwa wiki. Nchi nyingine mbona siisikii? Na saratani je?

Fizikia_Tiba: Jumla ni Gy 3. Kwa saratani hufika 50 hadi 70, kwa hiyo ni ndogo, ila jina lisikudanganye: eksirei ya kifua haifiki hata sehemu moja ya elfu ya Gy 1. Gegedu (tishu laini inayofunika ncha za mifupa) iliyolika hairudi. Kinachotulizwa ni uvimbe, maana chembe nyeupe za damu hazishiki vizuri kwenye kuta za mishipa. Nafuu huchukua wiki kadhaa, na siku za mwanzo maumivu yanaweza kuzidi. Asikate tamaa siku anapomaliza.

Daktari_Mbishi: Taratibu mkuu. Uholanzi waligawa kwa kura wagonjwa 55 wa goti: kundi moja Gy 1 mara 6, jingine mashine bila mionzi. Baada ya miezi 3, waliopata nafuu ni 44% kwa 43%. Majibu ya vidole vya mkono nayo yalikuwa hivyo hivyo. Sifa nyingi za Ujerumani zinatoka kwa wagonjwa wasiolinganishwa na yeyote, na goti hupanda na kushuka lenyewe.

Fizikia_Tiba: Kweli, lakini Korea Kusini walitangaza matokeo 2025: wagonjwa 114, Gy 3 ikaleta nafuu kwa 70%, mionzi bandia 42%. Hao goti lao lilikuwa halijaharibika sana. Mfupa ukishagusa mfupa, usitegemee kitu.

Daktari_Mbishi: Hapo tunaelewana. Kuhusu saratani: Uingereza, waliopigwa mionzi ya uti wa mgongo kati ya 1935 na 1954 walizidi kupata saratani ya damu. Uti umejaa uboho mwekundu, unaotengeneza damu, na dozi zao zilikuwa kubwa. Goti la mtu wa miaka 67 lina uboho mwekundu kidogo, hatari ni ndogo sana. Kijana wa miaka 30 nisingemruhusu.

Mzee_wa_Geiger: Na asije akauziwa zile pendanti (vidani vya shingoni) za “ioni hasi” zinazosifiwa kuleta afya. Baadhi zina thoriamu, metali yenye mionzi, zinaimulika ngozi usiku na mchana bila mtu kupima dozi. Uholanzi walizionya 2021.

Bonde_la_Rhein: Eksirei ya mama imeandikwa daraja la 2 kati ya 4 (4 ndilo baya zaidi).

Fizikia_Tiba: Basi anafaa kujaribiwa. Mwandike maumivu yake, 0 hadi 10, kabla ya kuanza na tena wiki ya 12. Mazoezi ya paja asiache.