Mrejesho: ukuta wa mbele uliokuwa unabanduka rangi

Wakuu, salaam. Kabla ya masika niliomba ushauri kuhusu nyumba yangu ya Kigamboni: ukuta wa mbele unabanduka rangi kuanzia chini hadi kama futi mbili, na nilishapaka mara mbili ndani ya mwaka. Asanteni sana. Aliyeniambia "usinunue rangi, chukua jembe kwanza" alinichekesha, kumbe alikuwa sahihi. Udongo wa bustani ulikuwa umepanda juu ya msingi, ukuta unanyonya maji kila mvua ikinyesha.

Nimeuchimba, nikamwaga kokoto, fundi akabomoa lipu iliyooza na kupiga mpya. Yeye alitaka kupaka rangi wiki ileile. Nikagoma, tukasubiri siku 28 lipu ikauke, ndipo praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) na koti mbili za rangi ya nje. Masika yamepita, hakuna hata lengelenge.

Geti ndiko nilikofeli. Kwa haraka zangu nilipaka rangi ya kuzuia kutu bila kusugua vizuri kwa brashi ya waya, na kwenye bawaba magamba yameshaanza kutoka. Kona ya bafuni nayo bado inatoa unga mweupe wa chumvi. Nahisi bomba linavuja ndani. Fundi bomba anakuja Jumamosi.