Jabali la Rockall: lilifikaje katikati ya bahari, na kwa nini liligombewa?

Mwalimu_Mpwapwa:
Ndugu zangu, salaam. Wanafunzi wangu wa jiografia wameona katika ramani ya Atlantiki ya Kaskazini nukta iitwayo Rockall, iliyo peke yake magharibi ya Uskoti. Kwa kuwa wamezoea majabali ya graniti ya huku kwetu Dodoma, wanauliza jabali kama hilo lilifikaje baharini, na kwa nini Uingereza ilihangaika kulipandishia bendera. Naomba msaada.

Mzee_wa_Kondoa:
Mwalimu, hilo ni baki la volkano iliyozimika, lenye kimo cha takriban mita 17 na upana usiofika hata mita 35. Graniti yake iliganda chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita, zama ambazo Greenland na Ulaya zilikuwa zikiachana, kisha bahari ikaimomonyoa miamba iliyoizunguka. Graniti ya Dodoma ni kongwe mno kwa kulinganisha, kwani ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na iliyoifichua si mawimbi bali ni hali ya hewa iliyopanua nyufa zake na mvua iliyochukua udongo. Rockall haina maji ya kunywa wala mahali pa kutia nanga kwa usalama; mwaka 2000 meli ya utafiti Discovery ilipima katika bahari hiyo wimbi la mita 29, yaani refu kuliko jabali lenyewe.

Binti_Manyoni:
Shikamoo Mzee. Niongezee la bendera. Uingereza ililitwaa Septemba 1955 kwa kuhofu kwamba Wasovieti wangeweza kulitumia kupeleleza majaribio yake ya makombora, na sheria ya 1972 ikalifanya sehemu ya Uskoti. Hata hivyo, Kifungu cha 121 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari kinasema kwamba jabali lisiloweza kukimu makazi ya watu wala shughuli za kiuchumi zake lenyewe halipewi ukanda wa kiuchumi wa maili 200 za baharini, yaani eneo ambalo nchi peke yake ina haki ya kuvua na kuchimba. Uingereza ilipojiunga na mkataba huo mwaka 1997 iliacha dai lake la ukanda huo kuzunguka Rockall, ikabaki na maili 12 za maji ya mamlaka yake, ambazo Ireland haizitambui. Ugomvi uliopo sasa, kwa maoni yangu, ni wa samaki kuliko wa jiwe.

Mwalimu_Mpwapwa:
Nawashukuru. Je, Fungu Mbaraka letu, kusini-mashariki mwa Unguja, nalo ni la volkano?

Mzee_wa_Kondoa:
Marahaba, binti. La hasha, Mwalimu: Fungu Mbaraka ni la matumbawe, tambarare, na wakazi wake ni ndege wa baharini.