Naomba kutambuliwa kaktasi mbili zinazoning'inia, moja imeanza kunywea

Binti_Pongwe: Wakuu, habari za humu. Shangazi yangu alipohama Lushoto aliniachia mimea miwili, naomba mnisaidie kuitambua. Wa kwanza shina lake ni la mviringo chini, halafu matawi yanabapa na kurefuka, kingo zina mawimbi, miiba hamna. Wa pili ni vikamba vya kijani vyembamba vinavyoning'inia, navyo havina miiba. Niko Tanga mjini. Nimeipanda kwenye mchanga, juani, kwa sababu kila mtu ananiambia kaktasi ni mmea wa jangwani. Sasa ule wa kwanza matawi yamenywea na udongo bado umelowa. Niongeze maji?

Kibarazani: Dada, usiongeze hata tone. Mmea ukinywea huku udongo umelowa, mara nyingi mizizi imeoza. Uchomoe uangalie. Mizizi mizima ni migumu, iliyooza ni myeusi na inateleza ukiishika. Ikiwa hivyo, kata matawi mazima, yaweke kivulini kama wiki moja hadi kidonda kikauke, ndipo uyachomeke upya. Weka alama upande wa chini usije ukayapindua.

Mzee_wa_Samadi: Huo wa vikamba si mnyaa?

Msitu_Amani: Mzee wangu, hapo ni rahisi kuhakikisha. Akate ncha kidogo. Mnyaa utatoa utomvu mweupe, na asiuguse kisha akajisugua macho, ni hatari. Ukikosa utomvu, na ukazaa vitunda vidogo vyeupe vyenye ulimbo, basi huo ni *Rhipsalis baccifera*. Mimi mmea huu naupenda kuliko yote. Jamii yote ya kaktasi asili yake ni Amerika, lakini huu peke yake unaota pia katika misitu ya Afrika, Madagaska na Sri Lanka. Usambara utauona juu ya miti. Wengi hudhani ndege ndio waliovusha mbegu zake Atlantiki. Tafadhalini, msiende kuung'oa hifadhini, ombeni kipandikizi kwa mwenye nao.

Ule wa kwanza, kwa maelezo yako, ni *Epiphyllum oxypetalum*, wa Meksiko na Amerika ya Kati. Ua lake ni jeupe, kubwa, linanukia sana. Linafunguka usiku na kukipambazuka limeshanyauka. Matumba hutoka ukingoni mwa matawi bapa, kwa hiyo usiyakate mazima eti kwa sababu yamezeeka, na yakishatokea usihamishe chungu, yatadondoka.

Yote miwili ni mimea ya juu ya miti. Mizizi inashika magome na majani yaliyooza, mvua inapita, upepo unapita. Mti wenyewe haiunyonyi. Mchanga uliolowa unainyima mizizi hewa. Chukua makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, uyaloweke na kumwaga maji mara kadhaa ili chumvi itoke, changanya na chenga za mkaa na mboji kidogo. Chungu kiwe na matundu. Jua la asubuhi sawa, la mchana linababua. Mwagilia sehemu ya juu ikishakauka, usingoje chungu kizima kiwe kikavu kama unavyofanya kwa kaktasi za jangwani.

Shamba_Limuru: Nami niulize hapo hapo. Wangu una pingili fupi bapa zenye meno yaliyochongoka, maua ya waridi. Dada yangu yuko Mombasa, nilimpa kipande, kimekua vizuri lakini hakichanui kabisa.

Msitu_Amani: Huo ni *Schlumbergera truncata*, wa milima ya kusini-mashariki mwa Brazili. Huchochewa kuchanua na usiku mrefu au baridi ya usiku. Kwetu karibu na ikweta urefu wa usiku haubadiliki sana, kwa hiyo baridi ndiyo inayofanya kazi kubwa. Limuru mnayo, Mombasa hakuna. Akitafutie sehemu yenye upepo wa usiku, mbali na taa, ila nisimdanganye, pwani ni vigumu.

Binti_Pongwe: Asanteni sana. Vikamba nimekata, utomvu hakuna. Ule mwingine mizizi ni myeusi mitupu, nimeshaanika matawi manne. Nikishayachomeka nimwagilie siku hiyo hiyo?

Kibarazani: Hapana. Makumbi yawe na unyevu mdogo tu, uyaache siku chache, kisha uanze kunyunyizia kidogo kidogo. Ukilivuta tawi taratibu likakataa kutoka, limeshashika mizizi.

Msitu_Amani: Na uyafunge kwenye kijiti, yakitikisika mizizi michanga inakatika.

Binti_Pongwe: Sawa, vijiti ninavyo. Nitaweka picha.