Uhandisi wa kemikali: niongeze fani ndogo ipi? Naombeni ushauri

Kijana wa Bombo
Shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo. Nasoma uhandisi wa kemikali. Chuo chetu kinaruhusu kuongeza fani ndogo, yaani masomo matano au sita pembeni ya digrii yenyewe. Nimebaki na tatu: kemia, takwimu na kompyuta, au petroli. Usingizi umenipaa. Mnanishauri ipi?

Mpika Sukari, Masindi
Karibu kwenye sukari, kijana! Watu wanadhani sisi tunasaga miwa tu. Kiwanda cha sukari cha Kakira, hapa Uganda, wanachoma makapi ya miwa wapate mvuke, mvuke unazungusha jenereta, umeme unaobaki unauzwa kwenye gridi ya taifa. Molasi nayo inatoa ethanoli. Mimi niliingia kama kibarua wa maabara, nikapima utamu wa maji ya miwa mpaka ndoto zangu zikawa za sukari. Siku hizi kazi iko chumba cha udhibiti, mbele ya skrini. Anayejua kusoma zile namba na kuona tatizo kabla mtambo haujasimama, huyo hatafuti kazi. Chukua takwimu na kompyuta.

Hajati Zaina
Mwanangu, uko mwaka wa ngapi, na nani analipa? Hayo hujayasema.

Kijana wa Bombo
Shikamoo mama. Naingia mwaka wa nne. Nina ufadhili.

Boda Msomi, Arua
Chukua fani ndogo ya kuoa, mkuu. Hiyo haina mtihani wa marudio 😀

Hajati Zaina
Ufadhili unalipa mpaka lini?

Kijana wa Bombo
Mihula minane. Kemia ingeisha ndani ya muda huo, maana sehemu kubwa ya masomo yake tayari yamo kwenye digrii. Takwimu pia, nikijibana. Petroli inahitaji muhula wa tisa, na huo ni wa kujilipia. Baba amesema atauza kiwanja. Mimi sikumwomba, ni yeye alisema. Na fomu ya petroli nimeshajaza, lakini nina sababu: mafuta yamegunduliwa hapa kwetu tangu 2006, kuna miradi ya kuyachimba ya Tilenga na Kingfisher, kuna bomba la kuyapeleka Tanga. Nisipojipanga sasa, nafasi zitachukuliwa na wageni.

Mzee wa Luweero
Ardhi haiuzwi kwa ajili ya karatasi. Mdogo wangu aliuza yake akanunua lori, akisema mafuta ya Hoima yanaanza mwakani. Huo mwakani umesogezwa mara nyingi mno. Lori sasa linabeba matofali.

Mkaguzi
Wakuu, hadithi hii ni ya kutunga. Uhandisi kwenye vyuo vyetu unausoma mzima, mambo ya fani ndogo yako wapi? Halafu Mganda gani anaandika Kiswahili kilichonyooka hivi? Huyu ni mtu yuko Dar anatuchezea.

Kijana wa Bombo
Nasoma Marekani, nipo nyumbani likizo. Sikutaja kwa sababu mtu akisikia Marekani anaanza kuniomba pesa.

Bint Nubi
Mkaguzi, umewahi kufika Bombo? Wazee wetu walikuwa wanajeshi, Kiswahili tumekikuta nyumbani. Baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima mashuleni mwaka 2022, sisi tukiwa tunakiongea zamani.

Mchomeleaji, Hoima
Tusibishane, tumpime. Kijana, bomba la Tanga linapashwa moto. Kwa nini?

Kijana wa Bombo
Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, yakipoa yanaganda. Bomba lina kilomita 1,443, haliwezi kutegemea joto la mwanzoni tu. Linafunikwa kwa kizuia joto na kuwekewa nyaya za umeme za kulipasha, mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 hivi za Selsiasi. Ukilijua joto linalopotea kila mita na kasi ya mafuta, unaweza kukokotoa umeme unaohitajika.

Mkaguzi
Sawa, nakubali. Samahani ndugu.

Mchomeleaji, Hoima
Sasa hebu nijibu: hayo yote umeyasoma wapi? Hujaanza hata somo moja la petroli! Joto, msukumo, kusafirisha mafuta, na kile kiwanda cha kusafishia kinachopangwa Kabaale, huku Hoima, cha mapipa 60,000 kwa siku, ndiyo kazi yenyewe ya mhandisi wa kemikali. Petroli itakuongezea kuchimba visima na miamba. Unataka kuchimba?

Kijana wa Bombo
Hapana, nataka kiwanda. Lakini jina la petroli kwenye cheti linasaidia, waajiri wanaangalia jina. Na nikibadilisha sasa, baba atadhani nimeogopa. Fomu naweza kuibadilisha mpaka wiki ya pili ya muhula, nitafikiria.

Mpika Sukari, Masindi
Takwimu, kijana. Itakufaa kwenye mafuta, saruji, bia, hata huku kwetu.

Hajati Zaina
Wiki ya pili ni ya fomu. Kiwanja je? Baba ameshapokea arubuni?

Kijana wa Bombo
Kidogo tu, mama. Hati bado iko kabatini. Mnunuzi anakuja Jumamosi.

Hajati Zaina
Basi weka simu chini. Kaongee na baba yako leo, kabla hajalala.